Gia boksi ya CVT inateleza mlimani: nimwage oili au ninunue nyingine?

Mkazi wa Moro (mwuliza swali)

Ndugu wanajukwaa, salamu. Naomba ushauri wa watu waliokwisha kupitia jambo hili, kwa sababu mafundi wawili wamenipa majibu yasiyoiva chungu kimoja na mimi sina fedha ya kujaribu yote mawili.

Nina gari la Kijapani la mwaka 2010, injini ya cc 2,000, gia boksi ya CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia za hatua. Jina la kampuni naliacha kwa makusudi, maana nikilitaja mjadala utageuka kuwa wa kushabikia na kuponda. Nililinunua mwaka 2019 likiwa na kilomita 87,000 na sasa linasoma 148,000. Oili ya injini namwaga kila baada ya kilomita 5,000 bila kukosa, na risiti zote ninazo. Oili ya gia boksi sijawahi kuimwaga hata mara moja. Mwaka jana fundi mmoja aliyekuwa akibadilisha buti za ekseli alisema imepungua kidogo, akaongeza kama nusu lita ya haidroliki, ile nyekundu ya kawaida, na mimi sikuuliza zaidi.

Mwezi uliopita tulikuwa tukienda Iringa, mimi na mke wangu, na gunia moja la vitunguu tulilonunua Ruaha Mbuyuni kuwapelekea wakwe. Tulipofika katikati ya mlima Kitonga mshale wa mizunguko ya injini ulipanda hadi 4,000, injini ikalia kwa nguvu, lakini mwendo ukawa unashuka kutoka 60 hadi 35. Nyuma yetu malori yalikuwa yamejipanga. Niliegesha pembeni, nikasubiri kama dakika arobaini, kisha gari likapanda vizuri kana kwamba halikuwa na tatizo lolote. Tangu siku hiyo limerudia mara mbili, zote kwenye mwinuko na mchana wa jua kali. Likiwa tambarare ninasikia pia mvumo mwembamba kuanzia mwendo wa 60.

Fundi wa kwanza anasema gia boksi imekwisha, ninunue ya mtumba kwa shilingi 2,400,000 bila ufundi. Wa pili anasema nimwage oili tu. Gari lenyewe kwa sasa halizidi shilingi milioni 11 sokoni. Je, nianzie wapi?

Fundi Gia, Dar es Salaam

Ndugu Mkazi wa Moro, mafundi wako wote wawili wamekujibu kabla ya kuangalia. Kabla hujatoa hata shilingi mia, gia boksi hiyo inapaswa kufunguliwa sampo (bakuli la oili lililo chini yake) na kusomwa kwa mashine, na kazi zote mbili ni za nusu siku.

Nianze na namna inavyofanya kazi, kwa sababu ukielewa hapo huwezi kudanganywa. CVT haina gia ya kwanza, ya pili na ya tatu kama otomatiki ya zamani. Ndani yake kuna puli mbili, kila moja ikiwa na koni mbili zinazotazamana, na katikati ya puli hizo unapita mkanda wa chuma. Koni zikibanana mkanda unapanda juu, zikiachana unashuka chini, na hivyo ndivyo uwiano unavyobadilika bila gari kushtuka. Kinachobana koni hizo ni shinikizo la oili. Kwa hiyo oili ya CVT inapoza, inasukuma, na juu ya hayo inauwezesha mkanda wa chuma kushika puli ya chuma bila kuteleza. Haidroliki ya kawaida imetengenezwa kwa ajili ya klachi za otomatiki na haikuundwa kwa mshiko huo. Ndiyo maana Nissan wana oili yao ya NS-2 na baadaye NS-3, Toyota wana TC na baadaye FE, na Honda wana HMMF na baadaye HCF-2. Nusu lita katika lita nane haiui gia boksi kwa siku moja, lakini haina heri yoyote humo ndani, na itoke.

Sasa turudi kwenye dalili zako. Mshale kupanda wakati mwendo unashuka kunaweza kuwa mkanda unateleza kweli, au shinikizo la oili limeshuka kwa sababu oili imechoka, imepungua au filta imeziba. Joto linachochea hali zote hizo. Vilevile kompyuta ya CVT nyingi ikiona oili imepata joto kupita kiasi hulipunguzia gari nguvu kwa makusudi, ili gia boksi isiungue, na wewe uliyeko kwenye usukani utahisi gari limekufa. Kwamba lilipona baada ya dakika arobaini, na kwamba linarudia mchana kwenye mwinuko tu, kunanifanya nifikirie joto kwanza. Huo mvumo wa kuanzia 60 ndio unaonitia wasiwasi zaidi, kwa maana unaweza kuwa wa beringi, na beringi haiponi kwa oili mpya.

Mwambie fundi ashushe sampo mbele yako. Ndani utakuta sumaku ndogo. Zikiwa na ute laini wa kijivu, unaopaka kidoleni kama wanja, huo ni uchakavu wa kawaida. Ukikuta vijiti au vipande vinavyong'aa ambavyo unaweza kuvihesabu, basi mkanda au beringi imeshaanza kulika, na hapo fedha ya oili weka mfukoni. Angalia pia kipoza oili kama kimeziba kwa matope, na fundi asome kwa mashine misimbo yote ya hitilafu iliyohifadhiwa na kompyuta pamoja na joto la oili gari likiwa barabarani.

Mzee wa Peugeot

Mimi nitasema tofauti. Gia boksi ambayo haijaguswa kwa kilomita 148,000 usiiguse. Jirani yangu alimwaga oili ya otomatiki yake akiwa na nia njema kabisa, na wiki mbili baadaye gari halikutoka getini. Wazee wa gereji wanasema ile oili chafu ndiyo iliyokuwa inashikilia klachi. Zaidi ya hayo, magari mengine yameandikwa wazi kwamba oili yake ni ya maisha yote ya gari.

Fundi Gia, Dar es Salaam

Shikamoo mzee wangu. Habari ya jirani yako naiamini, kwa sababu nimewapokea wateja wa namna hiyo mara nyingi, ila nina mashaka na sababu yake. Mtu hamwagi oili ya gia boksi iliyo salama akiwa ameisahau miaka kumi. Anaikumbuka siku gari linapoanza kusita, na siku hiyo klachi zimeshalika na vumbi lake linaelea ndani ya oili. Ukiweka oili mpya, vumbi lile lililokuwa likiongeza mkwaruzo limetoka, na klachi iliyobaki haina nyama ya kushika. Gia boksi ilikuwa inakufa, oili mpya ikaonekana ndiye muuaji. Nakubaliana nawe katika jambo moja: mashine ya kusukuma oili kwa presha siipendi kwa gari lililotelekezwa, kwani inaweza kupeleka uchafu kwenye vali bodi, yaani sehemu yenye vali zinazogawa oili ndani ya gia boksi. Mwaga kwa uzito wake, jaza, endesha siku chache, rudia.

Ile kauli ya oili ya maisha yote nayo ina kichekesho chake, maana haisemi maisha hayo ni ya kilomita ngapi. Maisha ya gari kwa mnunuzi wa kwanza Japani na maisha yake kwa sisi tunaolipokea likiwa na umri wa miaka tisa ni maisha mawili. Wala sipendi kila lawama itupwe kwa mwenye gari. Nchini Marekani, Nissan waliongeza dhamana ya CVT za magari ya miaka 2003 hadi 2010 kutoka miaka 5 au maili 60,000 hadi miaka 10 au maili 120,000, yaani kama kilomita 193,000. Kampuni haiongezi dhamana hivyo kama makosa yote ni ya dereva. Dhamana ile haikuvuka bahari kuja na magari ya mtumba, kwa hiyo huku kwetu dhamana ni oili na macho yako.

Mama Hesabu

Kaka, mimi si fundi ila ninaweka daftari la kila shilingi inayoingia kwenye gari, na yaliyonikuta mwaka juzi yanafanana na yako, isipokuwa mimi sikuuliza mtu. Nilinyamaza, nikaongeza sauti ya redio.

Gia boksi ya mtumba nilinunua kwa 2,300,000. Oili lita nane, madebe mawili, ilikuwa 336,000. Ufundi wa kushusha na kupandisha ulikuwa 250,000. Seali za ekseli na maunti moja (kishikio cha injini au gia boksi) iliyokutwa imekatika zikala 145,000. Kulibeba gari kutoka Chalinze hadi Dar kulinigharimu 280,000, na siku kumi na mbili za mabasi na bajaji zikawa 190,000. Jumla ni shilingi 3,501,000, bila kuhesabu siku mbili nilizoomba ruhusa kazini.

Kumwaga oili pamoja na filta, gasketi na ufundi kwa bei za wakati ule ilikuwa 273,000. Kwa fedha niliyolipa ningemwaga mara kumi na mbili na chenji ya 225,000 ingebaki. Kwa utaratibu wa kilomita 40,000 ambao fundi wangu ananishauri kwa sababu ya foleni na joto la Dar, hizo ni kilomita 480,000. Sitakuwa na gari hilo kwa kilomita hizo, hata wajukuu wangu hawatakuwa nalo.

Dereva wa Mtandao

Naomba niongeze mambo mawili ambayo sijaona yakitajwa, kwa sababu yote yamenipitia mikononi.

La kwanza ni rejeta. Kwenye magari mengi bomba la kupoza oili ya gia hupita ndani ya tanki la chini la rejeta. Likitoboka humo ndani, huoni tone chini ya gari, bali maji ya rejeta na oili ya gia vinachanganyika. Siku nilipochomoa stiki ya kupimia oili ya gia boksi kwenye gari nililokuwa nikifanyia kazi, kilichotoka kilikuwa kizito na cha rangi ya uji wa ulezi. Hiyo ilikuwa otomatiki ya klachi, na fundi aliponifungulia akanionyesha nyuso za klachi zikibanduka kwa kucha, kwa kuwa maji yanalegeza gundi yake. Rejeta mpya ningeinunua kwa sehemu ndogo sana ya gharama ile. Tangu siku hiyo nikifungua boneti natazama kwanza kwenye tanki la akiba la kulanti (maji ya rejeta), na nikiona utando wa mafuta juu yake sisogezi gari.

La pili ni kuvutwa kwa kamba. Pampu ya oili ya gia boksi hizi huendeshwa na injini. Injini ikizimwa na magurudumu yanayovuta gari yakawa yanazunguka barabarani, vyuma vya ndani vinazunguka bila oili kufika. Rafiki yangu aliishiwa mafuta tu, akavutwa kutoka Chalinze hadi Mlandizi, na tatizo la shilingi elfu ishirini likawa la mamilioni. Magurudumu yanayoendesha yainuliwe, au gari lipandishwe juu ya lori.

Mpwani wa Likoni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Ikiwa itafika hapo pa kununua gia boksi ya mtumba, usiende sokoni na jina la gari pekee. Nenda na namba ya chesisi na namba iliyo kwenye kibati cha gia boksi yako ya zamani, kwa sababu gia boksi ya gari linaloendeshwa na magurudumu mawili na ya linaloendeshwa na manne huonekana kama pacha mpaka siku ya kufunga. Muulize muuzaji kama inakuja na toki konveta yake, kile kiungo cha oili kinachounganisha injini na gia boksi. Kwa baadhi ya CVT, ukibadilisha gia boksi au vali bodi, kompyuta lazima iandikiwe upya vipimo vyake, na fundi asiye na mashine hiyo atakwambia kwamba gia boksi uliyonunua ni mbovu. Mkubaliane kwa maandishi kuhusu siku za majaribio, maana garantii ya mdomo huisha ukitoka mlangoni.

Kipoza cha zamani kisafishwe au kibadilishwe, la sivyo vumbi la chuma la gia boksi iliyokufa litaingia kwenye mpya siku ya kwanza. Tena simama karibu wakati wa kupandisha. Toki konveta inapaswa kuingia hadi mwisho, na fundi mzuri huizungusha kwa mikono huku akiisukuma mpaka aisikie imeshuka hatua kwa hatua. Akikosa hatua moja kisha akakaza bolti ili zivute gia boksi ikutane na injini, pampu ya oili huvunjika kabla hujawasha gari.

Mkazi wa Moro

Nawashukuru sana nyote. Fundi Gia, na wewe shikamoo, kwani kwa maelezo yako naona umri wako na wa Mzee wa Peugeot haupishani sana. Narudi na matokeo baada ya wiki tatu.

Sampo ilishushwa Jumamosi nikiwa nimekaa kwenye kigoda pembeni. Oili ilitoka nyeusi na ina harufu ya kuungua, kama sufuria iliyosahauliwa jikoni. Sumaku zilikuwa na ute mzito kiasi kwamba sura yake haikuonekana, lakini tulipoufuta kwa kitambaa cheupe na kuusogeza juani hatukuona kipande kinachong'aa. Kipoza kilichoko mbele ya rejeta kilikuwa kimeziba karibu nusu kwa matope makavu na mbegu za majani, nadhani ni mazao ya barabara ya shambani ninayopita kila wiki. Mashine ilionyesha msimbo mmoja tu, wa joto la oili, na hakuna wa kuteleza kwa mkanda.

Kijitabu cha gari kilikuwa kwenye dashibodi miaka yote, kwa Kijapani, na mimi nilikuwa nakitumia kuweka risiti za maegesho. Mtoto wa dada yangu alikipiga picha kwa simu, ikatafsiri, na jina la oili inayotakiwa lilikuwa humo. Oili yenyewe nilifuata Kariakoo, nikafungua debe mwenyewe mbele ya muuzaji.

Tulimwaga mara tatu, kila mara lita nne, nikiendesha siku tatu au nne katikati. Fundi alinieleza kwamba kila mara inatoka kama nusu tu kwa sababu nyingine inabaki kwenye toki konveta na njia za ndani, kwa hiyo mara ya kwanza unapata nusu mpya, ya pili robo tatu, na ya tatu inakaribia asilimia 88. Mara ya tatu ilitoka na rangi ya asali. Madebe matatu yalikuwa 495,000, filta mbili 85,000, gasketi 25,000, ufundi wote 120,000 na kuosha kipoza 20,000. Jumla 745,000.

Nimenunua pia kile kifaa kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachosoma kompyuta kupitia simu. Tambarare oili inakaa kwenye nyuzi 78 hivi. Juzi nilipanda tena Kitonga saa nane mchana, safari hii bila vitunguu, ikafika 97 na gari halikusita. Mvumo wa mwendo wa 60 haujaondoka. Umepungua, au nimeuzoea, siwezi kuapa.

Fundi Gia, Dar es Salaam

Vizuri sana, na picha za sumaku ulizonitumia zimenitosheleza kwamba mkanda bado uko hai. Mvumo huo ni beringi, mwanangu, na utaendelea kukua polepole. Ufanyie kipimo hiki kila mwezi kwenye barabara ile ile, madirisha yakiwa yamefungwa na redio imezimwa (Mama Hesabu anisamehe): fika 80, achia mafuta kabisa, usikilize. Mvumo ukishuka pamoja na mwendo wa gari, endelea nalo. Ukianza kugeuka kuwa sauti ya kusaga, au ukahisi mtikisiko kwenye sakafu, lisogeze pembeni na uite lori. Beringi ikipasuka ndani inatupa vyuma kwenye mkanda, na hapo hata fundi wa kufungua na kukarabati hatakuwa na cha kuokoa. Sampo ifunguliwe tena baada ya kilomita 10,000, kwa ajili ya sumaku tu. Oili hiyo ikichujwa inarudishwa, usikubali kuuziwa nyingine.

Mkazi wa Moro

Nimeelewa. Gari litabaki kwa safari za Morogoro na Dar, na kila mwisho wa mwezi nimeanza kuweka 150,000 pembeni kwa ajili ya gia boksi. Fundi wa kwanza, yule wa shilingi 2,400,000, alinipigia jana kuniuliza kama mzigo aniwekee. Nimemwomba kwanza anitumie picha ya kibati chenye namba.